Ari ya Kujifunza na Kubuni Nyanda za Juu Kusini: Dhana Potofu na Ukweli

Kwenye vikao vya wazazi, na hata ndani ya daladala za Uyole, Mbeya, husikika lawama kwamba jamii ya leo imepoteza ari ya kujifunza na kubuni. Lawama hiyo imebeba dhana kadhaa ambazo haziendani na yanayoonekana huku kwetu.

Dhana: Vijana wa leo hawataki kujifunza jambo gumu.

Anayesema hivyo hajapita karibuni kwenye vitalu vya parachichi vya Rungwe na Njombe. Kubebesha mche, yaani kuunganisha kitawi cha aina moja kwenye shina la nyingine, kunataka mkono mtulivu: shina la parachichi la kienyeji hukatwa na kupasuliwa katikati, kikonyo, yaani kitawi hicho, cha parachichi aina ya Hass huchongwa pande mbili na kuchomekwa humo, kisha hufungwa kwa nailoni ili maji yasipenye. Ganda la kikonyo lisipokutana na ganda la shina, kikonyo hukauka na kazi yote imepotea. Wengi wa vijana hao hawakufundishwa kazi hii darasani. Wamejifunza kwa kukaa na anayeijua, na wengine kwa kutazama video katika simu ile ile inayolaumiwa kuwaharibu.

Dhana: Mkulima wa kienyeji hufuata mazoea tu.

Wamatengo wa Mbinga, ambao mashamba yao yako kwenye miteremko mikali, wamelima ngoro kwa zaidi ya karne moja. Nyasi zilizofyekwa hupangwa katika miraba, udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi hizo, hivyo hubaki shimo linalonasa maji ya mvua, na matuta ya kupandia maharage na baadaye mahindi. Mmomonyoko hupungua, nazo nyasi zikioza huwa mbolea. Huo ni uhandisi, japo haukuandikiwa cheti.

Dhana: Ugunduzi ni wa wenye shahada na maabara.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Tanga, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friji yakiwa bado ya moto, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Mwalimu wake alimwambia kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa mjini Iringa, alimuuliza sababu ya jambo hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam kuja kuzungumza na wanafunzi, na wenzake wakamcheka. Lakini Osborne alirudi chuoni akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education.

Hapo ndipo ninapoiona kasoro yetu halisi, nayo si ya kizazi hiki: darasa linalosifu aliyekariri majibu ya mtihani na kumzomea anayeuliza lisilokuwamo kwenye daftari. Anayelalamika kwamba watoto hawaulizi, ajiulize kwanza mara ya mwisho walipouliza walijibiwaje.

Wanafizikia bado wanabishana juu ya Athari ya Mpemba, yaani dai kwamba kimiminika cha moto kinaweza kuganda kabla ya cha baridi. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha vipimo vinavyoitilia shaka, huku wengine wakiendelea kuipima kwa vimiminika na mazingira tofauti, kwa kuwa kinachohesabiwa kuwa kuganda, na mahali kipimajoto kinapowekwa, hubadilisha matokeo.