Ubora wa chakula kikavu cha mbwa hupimwa kwa nini?

Mfuko wa chakula kikavu cha mbwa una uso na mgongo. Usoni kuna picha ya paja la kuku, karoti zinazong'aa na mbwa anayeonekana hajawahi kuugua. Mgongoni, kwa herufi za kumfanya mtu atafute miwani, kuna maelezo ambayo sheria inamlazimisha mtengenezaji kuyaandika. Anayetaka kujua ubora wa chakula aanzie mgongoni, na huko pia asome kwa jicho kali, kwa sababu namba zinaweza kuwa za kweli na bado zikaficha mengi.

Tukisema chakula kikavu ni bora, tunamaanisha kwamba mbwa anaweza kula hicho tu, kila siku, kwa miaka, na akapata viinilishe vyote kwa viwango vinavyomfaa. Tunamaanisha pia kwamba sehemu kubwa ya anachokula inaingia mwilini, kwamba hakina sumu wala vijidudu vya maradhi, na kwamba mfuko wa mwezi ujao hautatofautiana na wa leo. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwa kutazama punje. Ndiyo maana watu wengi hukimbilia orodha ya viambato: ndiyo sehemu pekee ya mfuko inayosomeka kama chakula cha kueleweka. Na ndiyo sehemu inayopotosha zaidi.

Kwanza tafuta tamko linalosema chakula hicho ni kamili na chenye uwiano, na kwa mbwa wa rika gani. Nchini Marekani tamko hilo hufuata viwango vya AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya wanyama. Ulaya watengenezaji huongozwa na FEDIAF, shirikisho lao, na mfuko husema kama ndani mna chakula kamili au cha nyongeza. Utasikia kila kukicha kwamba chakula fulani "kimeidhinishwa na AAFCO". Hakuna kitu kama hicho. AAFCO haipimi vyakula, haiviidhinishi, wala haitoi vyeti. Inaweka viwango tu; anayedai kuvifikia ni mtengenezaji mwenyewe.

Na madai hayo huja kwa sura mbili. Kuna chakula kilichoundwa kwa hesabu na vipimo vya maabara hadi kikafikia viwango vilivyowekwa, kwa mfano protini isiyopungua asilimia 18 kwa mbwa mzima na 22.5 kwa anayekua, ikipimwa bila kuhesabu maji. Halafu kuna chakula ambacho mbwa walilishwa kweli. Jaribio la AAFCO kwa mbwa wazima huanza na mbwa 8 na huchukua wiki 26, na wasiopungua 6 lazima wafike mwisho. Chakula cha hesabu kinaweza kutimia kwenye karatasi ilhali viinilishe vyake havimeng'enywi vizuri. Jaribio linaziba pengo hilo, ila mbwa 8 kwa nusu mwaka ni wachache, na upungufu unaochukua miaka kujitokeza utapita bila kuonekana. Mimi huiamini zaidi kampuni inayofanya vyote viwili. Ukikuta mfuko unasema chakula ni cha kutumiwa mara mojamoja au cha kuongezea kingine, hicho si mlo wa kutegemea, hata kiwe na bei gani.

Rika lina uzito kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa watoto wa mbwa wa mbegu kubwa, wale watakaofika kilo 32 au zaidi wakikua. Utumbo wa mtoto mchanga wa mbwa hauwezi kuzuia kalisi (kalsiamu) ya ziada isiingie mwilini, na kalisi ikizidi, mifupa inayokua hupinda na viungo hupata kasoro. Kwa hiyo chakula chao kinatakiwa kuwa na kalisi kati ya asilimia 1.2 na 1.8 ya uzito mkavu, na tamko liseme wazi kwamba kinawafaa mbwa wakubwa wanaokua. Mtu anayenunua chakula hicho kizuri kisha akanyunyizia unga wa mifupa juu yake "ili mifupa iwe imara" anaharibu hesabu yote kwa kijiko kimoja.

Sasa tuje kwenye orodha ya viambato. Viambato hupangwa kwa uzito, kizito zaidi kwanza, lakini ni uzito wa kabla ya kupikwa, maji yakiwemo. Nyama mbichi ya kuku ni maji kwa takribani asilimia 70, na punje zikitoka kiwandani hubakiwa na maji asilimia 10 hivi. Chukua mchanganyiko wenye kilo 20 za kuku mbichi, kilo 18 za mchele na kilo 15 za unga wa kuku. Kwenye mfuko kuku atatajwa wa kwanza, na picha ya paja itapata haki yake. Lakini kilo zile 20 zikikauka hubaki kama 6 au 7, wakati unga wa kuku, ambao ulishakaushwa tangu mwanzo, unabaki karibu kilo zake zote 15. Mchele ndio uliobeba uzito, na unga wa kuku, ulioandikwa wa tatu, ndio uliobeba protini.

Kuna na ujanja wa kugawa. Njegere nzima, wanga wa njegere na protini ya njegere vikiandikwa mbalimbali, kila kimoja hushuka chini ya nyama kwenye orodha, ingawa ukivijumlisha huenda vikaipita. Hapo tena hakuna uongo ulioandikwa. Vilevile tafuta mahali chumvi ilipo kwenye orodha. Chumvi huwekwa kidogo sana, mara nyingi asilimia moja au chini ya hapo, na chochote kinachotajwa baada yake ni kidogo kuliko hiyo. Zile bluberi na majani ya mchicha zilizopamba uso wa mfuko mara nyingi ziko huko.

Jina la chakula nalo lina sheria zake Marekani. Ili kiitwe kwa jina tupu la nyama, nyama hiyo lazima iwe asilimia 95 ya uzito bila kuhesabu maji yaliyoongezwa. Jambo hilo huonekana zaidi kwenye makopo kuliko kwenye vyakula vikavu. Jina likiongezewa neno kama "mlo" au "karamu", inatosha asilimia 25. Likisema "chenye kuku", asilimia 3 zinatosha. Na likisema "ladha ya kuku", kinachotakiwa ni ladha iweze kutambulika. Maneno kama "daraja la juu" au "cha kifahari" hayana kipimo chochote kisheria. Kila mtu anaruhusiwa kuyaandika.

Kuna viambato vinavyosingiziwa. Mazao ya ziada ya machinjioni yanatajwa kama takataka, ilhali humo mna maini, figo, bandama na mapafu. Maini yana vitamini A na madini kuliko mnofu wa kifua, na mbwa hajui kwamba binadamu fulani anayaona duni. Kwa kanuni za AAFCO, manyoya, pembe na kwato hayahesabiki humo. Swali la kuuliza ni kama kiwanda kinajua mazao hayo yametoka wapi na yanafanana kutoka shehena moja hadi nyingine.

Nafaka nazo zimepakwa matope. Mwaka 2013 watafiti waliolinganisha vinasaba vya mbwa na vya mbwamwitu walionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi za kinasaba kinachotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga. Amekaa na binadamu muda wa kutosha kuweza kula mchele. Julai 2018, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba inachunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo kutanuka, wengi wakila vyakula visivyo na nafaka ambavyo nafasi yake ilijazwa na njegere, dengu au viazi. Chanzo hasa hakikuthibitishwa, na haikuamuliwa kwamba vyakula hivyo vinaua. Ninachojifunza hapo ni kwamba kuondoa kiambato si kazi ndogo: nafasi iliyoachwa wazi hujazwa na kitu, na kitu hicho huenda hakijakaa kwenye bakuli la mbwa kwa muda wa kutosha kufahamika.

Namba za protini zinahitaji tahadhari ya pekee. Kinachoitwa protini ghafi hakipimwi moja kwa moja. Maabara hupima nitrojeni, kisha huzidisha kwa 6.25. Chochote chenye nitrojeni kinahesabika. Mwaka 2007 gluteni ya ngano kutoka China ilikutwa imetiwa melamini, kemikali ambayo karibu theluthi mbili ya uzito wake ni nitrojeni. Kwenye karatasi protini ilionekana nzuri; mbwa na paka wa Amerika Kaskazini wakaharibika figo, na mamilioni ya makopo na pakiti yakaondolewa sokoni. Nje ya uhalifu kama huo, kumbuka tu kwamba asilimia 30 ya protini haisemi ni ya aina gani wala ni kiasi gani kitameng'enywa.

Hesabu inayofaa kufanywa na kila mnunuzi ni ya wanga, maana mara nyingi hauandikwi. Chukua mia, toa protini, mafuta, nyuzinyuzi, unyevu na majivu, yaani madini yanayobaki chakula kikichomwa. Chakula chenye protini 26, mafuta 15, nyuzinyuzi 4, unyevu 10 na majivu 7 kina wanga 38. Majivu yasipoandikwa, weka 7, hutakosea sana. Usishtuke kuona wanga mwingi: punje hupikwa kwa joto na shinikizo ndani ya mashine iitwayo ekstruda, na bila wanga hazishikamani. Kisha zidisha protini na wanga kwa 3.5 na mafuta kwa 8.5, utapata kama kilokalori 350 kwa kila gramu 100. Hapo ndipo bei halisi inapojulikana. Chakula cha bei ya juu kwa kilo, lakini chenye nishati zaidi, huenda kikadumu muda mrefu kuliko cha rahisi.

Umeng'enyaji hauandikwi mfukoni, na kwangu ndiyo namba muhimu kuliko nyingi zilizoandikwa. Mbwa anayekula gramu 200 za chakula kinachomeng'enywa kwa asilimia 90 hubakiza gramu 20 za kutoa. Kikimeng'enywa kwa asilimia 80, hubakiza 40. Tofauti ya kumi kwenye karatasi ni mara mbili kwenye koleo la anayefagia. Kampuni makini huwa na takwimu hiyo na haiogopi kuulizwa.

Maswali mengine ya kuiuliza yanapendekezwa na WSAVA, jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa wanyama wadogo wa nyumbani: nani ameunda chakula na ana elimu gani ya lishe, kiwanda ni cha nani, na bidhaa hukaguliwaje kabla ya kutoka? Maswali haya yanachosha, lakini ndiyo yanayogusa hatari halisi. Mwishoni mwa 2018 vyakula vikavu vya chapa kadhaa viliondolewa sokoni Marekani kwa kuzidi vitamini D, na mwishoni mwa 2020 vingine kwa sumukuvu iliyotokana na mahindi yenye ukungu. Kwenye orodha ya viambato, vitamini D na mahindi vilisomeka vilevile, vizuri au vibaya. Ndiyo maana tovuti zinazogawa nyota kwa kusoma orodha tu sizipi uzito.

Chakula kizuri kinaweza pia kuharibikia nyumbani. Mafuta hunyunyiziwa juu ya punje baada ya kupikwa, na mafuta yakipata hewa na joto huchacha. Vihifadhi vya asili, kama vitamini E, huyalinda kwa muda mfupi kuliko vihifadhi vya kutengenezwa kama BHA au BHT, kwa hiyo tarehe ya kuisha iangaliwe kabla ya kulipa. Acha punje kwenye mfuko wake, ukunje mdomo, kisha ingiza mfuko mzima kwenye ndoo yenye kifuniko. Ukizimimina ndooni na kutupa mfuko, umetupa namba ya shehena, na tangazo la kuondoa bidhaa sokoni likitoka hutajua kama linakuhusu.

Hayo yakishafanyika, mbwa mwenyewe atoe jibu. Badilisha chakula taratibu kwa wiki moja, ukiongeza kipya na kupunguza cha zamani, kisha mpe mwezi mmoja au miwili. Kinyesi kiwe kigumu kiasi cha kuokoteka bila kuacha alama. Mbavu zisionekane sana, lakini ukipitisha kiganja uziguse bila kukandamiza. Kwa kipimo cha unene chenye alama 9 ambacho madaktari hutumia, lenga 4 au 5. Kiasi kilichoandikwa mfukoni ni makadirio, na kwa mbwa anayelala kutwa mara nyingi ni kingi, kwa hiyo pima chakula kwa mizani, maana kikombe hudanganya. Kinyesi kikiendelea kuwa laini au mbwa akiendelea kujikuna, nenda kwa daktari wa mifugo na picha ya mgongo wa mfuko pamoja na gramu unazompa kwa siku, vitafunio vikihesabiwa.