Herufi ina jina, na herufi ina sauti

Jumatatu asubuhi, kabla hata sijafuta ubao, mama mmoja alisimama mlangoni kwangu na daftari la mwanawe mkononi. "Mwalimu, huyu mtoto mbona hasomi? Nyumbani anajua herufi zote, hata ukimwamsha usiku anazitaja." Akamgeukia binti yake. "Hebu mtajie mwalimu." Binti akazitaja zote kwa mbio moja, bila kukosea: ei, bii, sii, dii, mpaka mwisho.

Nikaandika ubaoni: baba. Akaliangalia. "Bii, ei, bii, ei." Akanitazama usoni kuona kama nimeridhika. Nikamuuliza, haya, hilo ni neno gani? Akawaza sana.

"Mbuzi?"

Huyo ni mzazi wa nne tangu shule zifunguliwe Januari. Na si mzazi mzembe. Anauza dagaa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, anarudi nyumbani jioni miguu inamuuma, na bado anakaa na mtoto wake kila siku. Ndiyo maana jambo hili linaniuma. Muda upo, mapenzi yapo, lakini jasho lote linamwagika pasipoota kitu. Imani kwamba mtoto akishajua kutaja herufi amekaribia kusoma nimeipinga mlangoni, nimeipinga kwenye vikao vya wazazi, nimeipinga mpaka ndani ya daladala. Leo naiandika.

Mtoto hasomi kwa majina ya herufi. Anasoma kwa sauti zake. Herufi m jina lake ni "me", na kwa Kiingereza ni "em". Lakini ndani ya neno mama hamna "me" wala "em". Mna mmm, midomo imefumbwa, sauti inapita puani. Mtoto aliyefundishwa jina akiunganisha anapata me-a-me-a, na hapo atakwambia mmea, meza, lolote lile isipokuwa mama. Aliyefundishwa sauti anavuta mmm, anaachia aaa, na ma imeshatoka mdomoni kabla hajajua kama amesoma.

Kiswahili kimetupendelea. Tuna vokali tano, kila moja ina sauti yake moja, na silabi zetu karibu zote zinaishia na vokali. Mtoto wa Uingereza anahangaika miaka na maneno yanayoandikwa hivi na kutamkwa vile. Wa kwetu akishashika sauti na namna ya kuziunganisha, atasoma hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Sasa ukianza naye na ei, bii, sii, umemnyang'anya urithi huo. Umemwambia a ni "ei", e ni "ii", i ni "ai", u ni "yuu". Kati ya vokali tano, nne zimeshavurugika. Nilifungua daftari la yule binti nikakuta ameandika "mte" chini ya picha ya mti. Hakukosea kwa uvivu. Aliisikia sauti ya i vizuri kabisa, akatafuta herufi ambayo nyumbani inaitwa "ii", akaiweka. Alifanya sawasawa na alivyofundishwa.

Kiingereza atajifunza, kina wakati wake. Kwanza asome lugha anayoielewa.

Namna ya kuzitamka nyumbani: zipo zinazovutika, m, n, s, f, l, z, sh, hizo vuta, sss, fff. Zipo zisizovutika, b, d, k, p, t, hizo zikate fupi. Usimalizie na vokali. Ukisema "su" badala ya sss, mtoto akija kusoma sato atapata su-a, na hapo mmeshapotea.

Hapa niseme ukweli ambao kwenye semina hatuusemi. Mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulipoanza 2015 ulitusisitizia sauti, nami naamini hivyo. Lakini b peke yake, bila vokali, karibu haitamkiki, na nikifika kwenye herufi za namna hiyo naingia moja kwa moja kwenye silabi, ba be bi bo bu, kama nilivyofundishwa mimi. Kipi kitangulie, sauti au silabi? Nimejaribu yote mawili. Nimepata watoto waliosoma upesi kwa silabi tupu. Nimepata pia waliokariri chati nzima kama wimbo: ukiwaonyesha bo peke yake wanaanza ba, be, bi, kimoyomoyo, mpaka waifikie. Nachanganya, na kila mwaka nachanganya kwa kipimo tofauti. Wapo tena watoto waliofundishwa majina matupu na wakasoma vilevile. Sijui walivukaje. Hao ndio jirani anaowatolea ushahidi.

Kitu kinachoniudhi kuliko vyote ni herufi m inaposimama peke yake. Mzazi anamkaripia mtoto, "Sema mu-to-to!" Hapana, jamani. Ni m-to-to, silabi tatu, na ya kwanza ni m yenyewe, haina vokali. Mpigishe mtoto makofi: m, to, to. Makofi matatu. Mwambie sasa mbuzi. Hapo ni mbu-zi, makofi mawili, m imeshikamana na b. Mwambie mbu. Ni m-bu, makofi mawili tena, ingawa herufi tatu za mbu ndizo zilezile zinazoanza mbuzi. Mtoto wa miaka sita analisikia hilo kwa masikio bila kuelezwa kanuni yoyote, mradi umpe nafasi ya kupiga makofi kabla hujamwonyesha maandishi. Akishaonyeshwa maandishi kwanza, anaanza kubuni u isiyokuwepo, na kumtoa hapo ni kazi ya muhula mzima. Darasani nina watoto zaidi ya mia moja. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 wamekuja wengi, na ni haki yao waje, lakini makofi ya mtoto mmoja mmoja siwezi kuyasikia. Wewe nyumbani unayasikia. Hilo ndilo naloomba kwako: sikio. Kumwandikisha A mpaka Z mara kumi hakutanisaidia mimi wala yeye. Tuisheni ya usiku kwa mtoto wa darasa la kwanza ndiyo usiniulize kabisa. Alale.

Wengine wamekataza Kisukuma nyumbani ili mtoto "asichanganyikiwe". Kisukuma kina vokali saba. Mtoto anayetofautisha saba hashindwi na tano. Ng' ya ng'ombe, inayowasumbua watoto wengi wa mjini, yeye anaipita kama anakunywa maji, kwa sababu amesikia ng'wana tangu yuko mgongoni. Hata hesabu: ishirini, kwa mtoto, ni jina tu la kukariri, halimwonyeshi kitu. Bibi yake anasema makumi abili, na makumi mawili yako hapo hapo wazi. Kweli, r na l zinachanganyika, ninasahihisha "kurara" kila wiki. Lakini hilo linatibika kwa kusoma na kusikiliza, si kwa kumnyamazisha bibi.

Basi mfanye nini? Dakika 10 zinatosha, na hazihitaji meza. Ukiwa unaparua samaki, sema: natafuta vitu vinavyoanza na sss. Sato. Sangara. Sufuria. Sado. Mtoto akisema "dagaa", usimwambie umekosea, mtamkie d yake kwa kuikata fupi umsikilizishe, mpe nafasi ya pili. Kesho fff: furu, fagio. Keshokutwa nnn: ningu, nazi. Herufi yenyewe ichoreni mchangani kwa kijiti baada ya sikio kuikamata, si kabla. Kuhesabu ni rahisi zaidi, mpe dagaa ayapange mafungu ya kumi kumi, yatosha.

Akishajua silabi, kitabu cha kwanza kinapita barabarani. Majina ya huku kwetu ni kama yalitungwa kwa ajili ya darasa la kwanza. I-go-ma. Ma-ba-ti-ni. I-le-me-la. Nya-ma-ga-na. Yamebandikwa mbele ya daladala, kwenye vibao vya maduka na shule. Muombe akusomee. Ila angalia hapa: anaweza kuwa amelikariri umbo la neno kama anavyokariri nembo ya soda. Kumpima ni rahisi. Chukua Igoma, zigeuze silabi, umwandikie neno lisilokuwepo duniani. Akilisoma, amesoma. Akikutajia Igoma, bado anakariri, na hakuna ubaya, rudini kwenye sauti.

Yote haya nilimweleza yule mama palepale mlangoni, kengele imeshalia, kwa haraka kuliko nilivyotaka. Nilimwomba aache ei, bii, sii kwa muda, aanze na sss na mmm. Hakuonekana kuridhika sana. Nadhani alitarajia nimpe orodha ya madaftari ya kununua.

Wiki tatu baadaye binti alikuja mezani kwangu wakati wa mapumziko. Nikaandika kwenye karatasi: magoi. Akaweka kidole chini ya m. Mmm-aaa, ma. Akasogeza. Go. Akasogeza. I. Akarudi mwanzo, midomo ikicheza bila sauti, kisha akalisema lote: "Magoi."

"Vizuri."

Akaendelea kuliangalia, kidole bado kiko kwenye karatasi.

"Mwalimu, magoi ni nini?"

"Si kitu. Neno hilo halipo."

"Sasa mbona umeliandika?"