Ukaguzi wa nyumba ya zamani ya pwani kabla hujanunua: ni kitu gani na unafanyikaje

Ukaguzi wa nyumba kabla ya kununua ni hivi: unamlipa mtu wa fani, injinia wa majengo au mbunifu majengo au mkaguzi wa majengo aliyesajiliwa, ambaye hapati hata senti tano kama dili likifungwa wala hapotezi kitu kama likifa, anaenda kuikagua nyumba kuanzia msingi mpaka paa, alafu anakuandikia ripoti inayosema nyumba imejengwa kwa kitu gani, ina matatizo gani, yametokana na nini, lipi la haraka lipi linaweza kusubiri, na matengenezo yatagharimu kiasi gani. Hiyo ripoti ni ya kwako wewe mnunuzi, sio ya muuzaji wala ya dalali wala ya benki.

Nasisitiza hapo kwenye nani anamlipa nani kwasababu watu wengi wanadhani wameshafanya ukaguzi kumbe hawajafanya. Mthamini wa benki akija anaangalia nyumba ina thamani gani ili benki ijue ikopeshe kiasi gani, hapandi juu ya dari na tochi. Mpima ardhi anaangalia mipaka na bikoni. Wakili anasachi hati, anaangalia kama nyumba ina mkopo, kama warithi wote wamekubali, na kwa Zanzibar anaangalia pia kama sio nyumba ya wakfu, maana wakfu hauuzwi. Wote hao ni muhimu na usiwaruke, lakini hakuna hata mmoja kati yao atakayekwambia boriti za ghorofa ya kwanza zimeoza. Na mtu anayenunua gari la mkononi hakubali kutoa hela mpaka fundi wake ameliona, ila kwenye nyumba ya akiba ya miaka ishirini anaridhika na kuzunguka vyumba na dalali nusu saa, au kama yuko Muscat au London anamtuma binamu apige video kwenye simu basi.

Sasa kwanini nyumba ya zamani ya pwani inahitaji ukaguzi wake tofauti na nyumba ya Dodoma au Nakuru? Ni chumvi na maji. Na la kwanza kabisa ambalo mkaguzi anayejua kazi yake atataka kujua ni nyumba imejengwa kwa kitu gani, kwasababu nyumba ya mawe na chokaa inaharibika kwa njia moja na nyumba ya zege na nondo inaharibika kwa njia nyingine kabisa, na dawa ya moja ni sumu kwa nyingine.

Tuanze na za mawe, zile za Mji Mkongwe Unguja, Lamu, Mji wa Kale Mombasa, Pangani, Bagamoyo. Kuta zake ni nene, mawe ya matumbawe yameshikanishwa kwa chokaa, na sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa iliyoshindiliwa. Ndio maana vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, upana mita 2.5 mpaka 3 hivi, boriti ya mkoko haifiki mbali zaidi ya hapo. Kwahiyo ukiingia kwenye nyumba ya mawe ukakuta sebule pana ya kisasa, badala ya kufurahi jiulize kwanza ukuta uliokuwa hapo katikati ulienda wapi na sasa hivi nini kinabeba juu. Mkaguzi atapima upana huo na atataka jibu.

Ukuta wa matumbawe una vitundu vitundu, unanyonya maji kutoka ardhini, na maji ya pwani yanapanda na chumvi yake. Ukuta ukiwa umepigwa lipu ya chokaa sio tatizo kubwa, maji yanatoka nje kidogo kidogo kupitia chokaa, chumvi inabaki juu juu inachubua lipu, baada ya miaka kadhaa unabandua sehemu za chini unapiga lipu nyingine ya chokaa, maisha yanaendelea. Wazee walikuwa wanafanya hivo na nyumba zikasimama karne na zaidi. Shida imeingia na simenti. Mtu anaona ukuta unachubuka anaita fundi anapiga plasta ya simenti ngumu, juu yake rangi ya mafuta, ukuta unapendeza kweli kweli, lakini maji hayajaacha kupanda, yamekosa tu pa kutokea, kwahiyo yanazidi kupanda humo ndani ya ukuta mpaka yanakuta ncha za boriti pale zilipoingia ukutani. Na hapo ndipo boriti inapooza, kwenye ncha, mahali ambapo huoni. Katikati ya chumba ukitazama juu boriti ni nyeusi ngumu nzuri kabisa, na kwenye ukuta imebaki unga.

Namna mkaguzi anavyolipima hili ni rahisi na nashauri uwepo uone kwa macho yako. Anaweka ngazi, anapanda mpaka pale boriti inapogusa ukuta, anasukuma bisibisi nyembamba kwenye mti. Boriti nzima inaikataa bisibisi, inaingia milimita chache inagoma. Iliyooza inazama mpaka kwenye mpini bila nguvu, na ukiichomoa inatoka na vumbi la kahawia lenye unyevu. Anafanya hivo boriti moja baada ya nyingine, pande zote mbili za chumba, na anaziwekea alama kwenye mchoro. Alafu anagonga plasta kwa ngumi au kwa nyundo ndogo kwenda juu kutoka sakafuni, sehemu iliyoachana na ukuta inatoa sauti ya utupu, na ana kile kipimo cha unyevu cha mkononi chenye sindano mbili. Mimi ukuta uliopakwa rangi wiki mbili kabla nyumba haijaingia sokoni ndio ningetaka ugongwe kwanza kuliko ule wenye ukungu unaoonekana, ule wa ukungu angalau unasema ukweli.

Na tafadhali choo na bafu za juu. Nyumba hizi nyingi hazikujengwa na mabafu ya kisasa kila ghorofa, yamekuja kuongezwa baadae, hasa zilizogeuzwa gesti au za kupangisha watalii, wakamwaga zege na taili juu ya boriti, uzito umeongezeka, alafu bomba linavuja kidogo tu miaka yote hiyo na taili zinaficha. Chini yake mtu kapiga jipsamu. Ukiona dari ya jipsamu chini ya bafu ya nyumba ya mawe, omba ifunguliwe. Tenki la maji juu ya paa hivohivo, lita elfu moja ni tani moja, mkaguzi ataangalia limekaa juu ya nini.

Kuna watu wanaona haya mambo ni ya kutishana. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, Jumba la Maajabu pale Forodhani, Mji Mkongwe Unguja, iliporomoka, jumba la mwaka 1883, jengo linalojulikana dunia nzima, ndani ya mji ambao uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na lilikuwa kwenye ukarabati wakati huo, na watu wawili walipoteza maisha. Jengo la aina hiyo halidondoki siku moja, maji yanaingia miaka na miaka. Sasa nyumba ya kichochoroni ambayo hakuna aliyeikagua tangu babu afariki iko vipi?

Tuje kwenye nyumba za zege, zile za baada ya miaka ya sitini, nyumba za ufukweni Oysterbay, Msasani, Nyali, Tanga kule Raskazone, maghorofa ya zamani ya mjini. Hapa adui ni kutu ya nondo. Zege lenyewe linailinda nondo, lakini chumvi ya hewa ya bahari inapenya taratibu mpaka inafika kwenye chuma, na kama zege lililofunika nondo ni jembamba, sentimita moja mbili badala ya nne au tano, inafika mapema. Na wapo waliojengewa kwa mchanga wa ufukweni ambao haujaoshwa, hao chumvi ilikuwa ndani tangu siku ya kwanza. Nondo ikishika kutu inavimba, kutu inachukua nafasi mara kadhaa ya chuma chenyewe, inalisukuma zege linapasuka. Ufa wake unaujua kwa sababu umenyooka kufuata nondo, chini ya bimu au kwenye kona ya nguzo, mara nyingi una weusi au wekundu wa kutu, baadae kipande kinadondoka nondo inabaki wazi. Fundi akija anaziba na simenti, anapaka rangi, na ndani kutu inaendelea kama kawaida. Kwahiyo viraka kwenye bimu na chini ya roshani vihesabu.

Kuna kipimo kimoja cha haraka watu wanakipenda, mkaguzi anamega kipande kidogo cha zege anapulizia dawa inaitwa fenoftalini. Zege ambalo bado lina nguvu ya kulinda nondo linageuka pinki iliyokolea, lililochoka linabaki na rangi yake ya kijivu. Ni kizuri ila pwani hakitoshi peke yake, kwasababu chumvi inaweza kuila nondo hata ndani ya zege linalogeuka pinki vizuri tu. Ukikuta mkaguzi anakwambia imegeuka pinki basi nyumba salama, na nyumba iko mita mia moja kutoka baharini, muulize kama amechukua unga wa zege kwa kutoboa na dreli akaupeleka maabara kupima chumvi. Kama hajapeleka hajamaliza kazi.

Mengine yapo kwenye ripoti lakini nayapita haraka: umeme wa zamani wenye waya zilizokauka, mabati na misumari ya paa iliyoliwa, paa za asbesto ambazo kuzitoa sio kazi ya fundi yeyote tu, mchwa, karo la choo na kisima. Hapo kwenye kisima nisimame kidogo, ardhi ya matumbawe inapitisha maji upesi, kwahiyo karo la jirani likiwa karibu na kisima chako usitegemee ukuta wa katikati kukulinda, pima maji maabara, na uonje kama yana chumvi maana kisima cha ufukweni kikivutwa sana na pampu bahari inaingia.

Na kiwanja chenyewe kama ni cha ufukweni, bahari inasogea. Kunduchi pale Dar wazee wanakumbuka hoteli ya Africana ilivyoliwa na mawimbi. Mkaguzi aangalie ukuta wa kuzuia bahari kama upo, umechimbika chini au vipi, na kwa Tanzania Bara sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwahiyo wakili na mkaguzi waongee, maana nyumba inaweza kuwa nzima kabisa na bado ukashindwa kuiongeza hata chumba kimoja.

Vilevile nyumba iliyo ndani ya mji wa kihistoria huifanyii unavotaka. Zanzibar kuna Mamlaka ya Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa kuna Makumbusho ya Taifa ya Kenya na ofisi zake za uhifadhi, matengenezo yanaombewa kibali, madirisha, milango, rangi, ghorofa ya kuongeza. Hii inabadilisha hesabu yako moja kwa moja, kwasababu gharama ya kurekebisha kwa chokaa na boriti kwa fundi anayejua sio sawa na ya simenti na bati, na mkaguzi asiyejua chokaa atakuandikia matengenezo ambayo hutaruhusiwa kuyafanya na ambayo yataiua nyumba. Usajili wake ni wa kuangalia kwanza, Tanzania Bara kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi na ile ya Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, Kenya kuna bodi ya wahandisi pia, ila baada ya usajili muulize amefanya nyumba ngapi za mawe na uone ripoti moja ya zamani.

Wakati mzuri wa kukagua ni masika, mvua ikiwa inanyesha au imetoka kunyesha. Nyumba iliyokaguliwa Januari kwenye kaskazi kavu inaficha mengi. Kama huwezi kusubiri basi angalau mkaguzi aongee na wapangaji na majirani, hasa jirani mnayechangia ukuta, kwasababu kwenye nyumba za mawe ukuta wake ndio wako na paa lake likivuja unaoza wewe.

Fanya ukaguzi kabla hujatoa hela yoyote ya kushikia, na kama muuzaji anang'ang'ania advansi, Kenya mara nyingi ni asilimia 10, wakili aandike kwenye mkataba kwamba inarudi kama ripoti itaonyesha tatizo kubwa la jengo. Ripoti ikitoka usianze na ukurasa wa mwisho wenye jumla ya gharama. Tafuta sehemu inayotaja maeneo ambayo hayakukaguliwa na sababu zake, dari halikufunguliwa, chumba kilifungwa, chini ya taili hakukuonekana. Mkaguzi hawezi kubomoa nyumba ya mtu bila ruhusa, kwahiyo muombe muuzaji kwa maandishi ruhusa ya kufungua sehemu mbili tatu ndogo na uahidi kuzirudishia. Wengi wanakubali. Akikataa, yale maeneo yaliyofungwa yahesabu kwenye ofa yako kwamba yameoza, na umwambie hivo.