Mnayosema juu ya formasio ya terapi mpya, na vile iko kweli

Hapa Bukavu nasikia sana eti terapi ya kisasa ni ya wenye diploma ya chuo kikuu, APS wa kijijini, yaani msaidizi wa kisaikolojia na kijamii, hataiweza. Si kweli kabisa. CPT, yaani terapi ya kuchunguza na kurekebisha mawazo yanayobaki baada ya tukio baya, ile iliyoanzishwa na Patricia Resick kule Marekani, ilijaribiwa huku huku Kivu na matokeo yakatoka 2013: walioiongoza ni ma-APS wa hapa, si madaktari, na wamama wenyewe ni walionusurika ubakaji. Miezi sita baada ya terapi kuisha, waliobaki na dalili nzito za huzuni au wasiwasi walikuwa 9%, kwa wale waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja 42%. Na wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo yale mazoezi ya karatasi yakarahisishwa, wakayashika kichwani.

Wengine wanaogopa eti mama atalazimishwa kusimulia yote mbele ya kikundi. Hapana. Ile ya Kivu haikudai masimulizi, ilishughulika na yale anayoamini juu yake mwenyewe tangu siku ile.

Sasa hii ya kwamba mshauri mzoefu atashika haraka kuliko wapya, hapa niwaambie ukweli, mara nyingi ndiye anateseka zaidi juu amezoea kufariji, pole mama, Mungu yupo, usiwaze tena. Mama anasema "ni kosa yangu, singeenda shamba peke yangu", moyo wako wote unataka kumjibu palepale hapana mama si kosa yako, na CPT inakuomba ujizuie umuulize tu: asubuhi ile ulijua nini? Kulikuwa na dalili kwamba watakuwa njiani? Nani aliamua kufanya ule uovu? Halafu unangoja, unangoja kweli, hata kama kikundi kizima kimenyamaza. Mwanzoni unajisikia kama mtu asiye na huruma. Lakini jibu akilifikia mwenyewe linamkaa, lako wewe amekwishaambiwa na watu wengi na bado halali usiku.

Na eti wiki mbili za formasio zinatosha? Hazitoshi. Kule kwenye utafiti ma-APS walikuwa na wasimamizi wa kuwafuata muda wote, mtu wa kumwambia leo nimekwama, mama fulani amenililia na nikaanza kuhubiri. Projet nyingi zinalipa salle, chakula na cheti, supervizioni hakuna. Kwa hiyo ndugu zangu wakiwaita formasio, kabla ya kusaini ulizeni: mwezi wa tatu nikikwama, nitamupigia nani?