Kuhama chuo si kushindwa masomo
Wengi huamini kwamba mwanafunzi anayehama chuo ameshindwa, na kwamba aendako ataanza upya kabisa. Imani hiyo si sahihi. Barack Obama alisoma miaka miwili katika Chuo cha Occidental, Los Angeles, akahamia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1981, na kuhitimu mwaka 1983. Kwa kawaida chuo kipya hulinganisha masomo ya awali na mtaala wake, kisha hutambua yale yanayowiana. Ndiyo maana ni muhimu, tena sana, kupata jibu la maandishi kutoka chuo kipya kuhusu masomo yatakayotambuliwa, kabla ya kuondoka. Mwanafunzi mkimya anayepotea katika madarasa yenye mamia ya watu, au anayependa fani isiyofundishwa alipo, ana sababu halali ya kuhama.