Nusu marathoni yenye watu wengi: sekunde zako hupotelea wapi

Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Ukitaka kuimaliza kwa saa mbili kamili, kila kilomita inatakiwa ikuchukue dakika 5 na sekunde 41. Hesabu hiyo inamfaa mtu anayekimbia peke yake, akifuata mstari mfupi kuliko yote barabarani. Katikati ya maelfu ya watu hutaufuata mstari huo, na kilomita mbili za mwanzo huenda zisikupe kasi hiyo hata kama miguu inaiweza. Msongamano wenyewe huiba kama dakika moja tu. Kinachoiba zaidi ni pupa ya kutaka kuzirudisha zote kabla ya kilomita ya 4.

Mifano yangu yote hapa ni ya lengo la saa mbili, kwa kuwa huko ndiko vikumbo huwa vingi. Mwenye lengo la 1:45 aweke 4:58 kwa kilomita, na wa 1:30 aweke 4:15. Mengine yote yanabaki vilevile.

Bajeti ya umati

Njia ya mbio iliyothibitishwa rasmi hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa kinachohesabu mizunguko ya gurudumu. Mpimaji hupita sentimita 30 tu kutoka ukingo wa ndani wa kila kona, kisha huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikaonekana fupi ikipimwa tena. Kwa hiyo kabla hujapiga hatua ya kwanza, tayari una mita 21 za ziada, sawa na sekunde 7 kwa kasi yetu.

Zinafuata kona. Ukipinda kona ya nyuzi 90 ukiwa mita 4 nje ya mstari wa mpimaji, unaongeza mita 6 na kitu. Kona ishirini za namna hiyo ni mita 125 hivi, yaani sekunde 43. Hapo ndipo penye hasara kubwa, na watu hawaioni kwa sababu hakuna kona moja inayouma.

Kupishana na watu ni jambo la tatu, na hapa hesabu inashangaza kidogo. Ukihama mita 3 kwenda pembeni ndani ya umbali wa mita 5, unaongeza karibu sentimita 83. Ukihama mita hizohizo 3 polepole, ndani ya mita 20, unaongeza sentimita 22 tu. Fanya hivyo mara mia: ya kwanza imekula sekunde 28, ya pili chini ya 8. Hapo sijagusa bado nguvu zinazoteketea kila unaposhika breki, ukaruka pembeni, ukachomoka tena. Anayeona upenyo mita 20 mbele na kuanza kuuendea mapema hupita watu walewale kwa bei ya chini sana.

Jumlisha yote. Katika mbio zenye umati mkubwa, mita 150 hadi 250 za ziada ni jambo la kawaida, yaani dakika nzima au zaidi kidogo. Ndiyo maana nasema anayetaka 2:00 kwenye umati awe na mwili wa 1:59. Njia rahisi ya kujipima ni fomula ya mhandisi Mmarekani Pete Riegel: chukua muda wako wa mbio moja, uzidishe kwa uwiano wa umbali uliopandishwa kwa kipeo cha 1.06. Kutoka kilomita 10 kwenda nusu marathoni, ni kuzidisha kwa 2.206. Aliyekimbia kilomita 10 kwa 54:23 anatabiriwa 2:00 kamili, bila akiba yoyote. Aliyekimbia kwa 53:55 ana ile dakika moja ya umati. Ukiwa huna hiyo akiba na muda huo unautaka kweli, tafuta mbio ndogo. Sioni aibu katika hilo.

Kabla ya mlio

Muda wako halisi ni ule wa chipu, kifaa kidogo unachovaa kinachosomwa na mikeka ya barabarani, unaoanza ukikanyaga mkeka wa kuanzia. Kwa hiyo kusimama nyuma hakukupotezei sekunde hata moja. Kinachokupotezea ni kusimama nyuma ya watu wasiokuwa na kasi yako. Ingia kwenye kundi la muda wako na usogee kwenye theluthi ya mbele ya kundi hilo. Usijipenyeze kundi la mbele zaidi. Huko utaburutwa kilomita nzima kwa kasi isiyo yako, na wewe utakuwa kikwazo cha wenzako.

Chipu ikiwa nyuma ya namba ya kifuani, usiikunje namba hiyo wala kuifunika kwa mkanda au koti. Isiposomwa pale mwanzo, matokeo yako yanaweza kubaki na muda wa bastola peke yake, yaani ule unaohesabiwa tangu mlio wa kuanza mbio, na hapo dakika zote ulizosubiri kwenye foleni zinahesabiwa dhidi yako. Saa yako ya mkononi uibonyeze ukikanyaga mkeka, bastola isikushtue.

Fika dakika 90 kabla. Foleni ya choo peke yake inaweza kula nusu saa, na wa mwisho kutoka huko huishia kuingia nyuma ya kundi lake. Vaa fulana kuukuu ya kutupa, maana utasimama dakika ishirini au zaidi bila kusogea. Kupasha mwili joto kwa muda mrefu hakuna haja kwa lengo hili: kilomita ya kwanza itakuwa ya taratibu utake usitake, na hiyo ndiyo itakayokupasha. Dakika tano za kuchapua miguu palepale na kuinua visigino zinatosha. Kamba za viatu zifungwe fundo mara mbili, ncha zisukumwe ndani. Kamba ikifunguka katika msongamano huna pa kuinamia salama.

Kilomita mbili za kwanza

Tuseme umati umekupotezea sekunde 40 kufikia kilomita ya 2. Una njia mbili. Ya kwanza ni kukimbia kilomita mbili zinazofuata kwa 5:21. Ni kasi iliyo juu ya kasi yako ya kilomita 10, ukiwa bado unapenya na kushika breki. Pumzi inapanda, wanga uliohifadhiwa kwenye misuli unatumika kwa kasi mno, na bili inakuja kilomita ya 16. Njia ya pili ni kuligawa deni kwenye kilomita 16, kuanzia ya 2 hadi ya 18. Ni sekunde 2 na nusu kwa kila moja. Unakimbia 5:39 badala ya 5:41, na mwili hautambui tofauti.

Andika kwenye mkono, kwa wino usiofutika, mistari miwili ya muda. Wa kwanza ni wa mwendo sawa: 28:26 kwenye kilomita 5, 56:53 kwenye 10, 1:25:19 kwenye 15, 1:53:45 kwenye 20. Wa pili ni wa anayelipa deni taratibu: 28:58, 57:13, 1:25:26, halafu 1:53:45 ileile. Ukiwa kati ya mistari hiyo miwili hujachelewa chochote, hata kama saa inakuonyesha wekundu. Asiye na mstari wa pili huona 28:58 akadhani mambo yameharibika.

Kona za mwanzo zina kanuni yake, na ni kinyume cha zile za baadaye. Umati ukiwa bado umeshikana, kila mtu hukimbilia upande wa ndani, na pale watu huishia kutembea. Pita nje. Umeongeza mita 6, sekunde 2, lakini umeepuka kusimama kwa sekunde 10. Umati ukishalegea, kwa kawaida kuanzia kilomita ya 3 au 4, rudi kwenye ukingo wa ndani na utazame mbele hadi kona inayofuata; chora mstari ulionyooka kutoka kona moja hadi nyingine, usifuate mkunjo wa barabara. Mbio nyingine huchora mstari wa rangi ya buluu unaoonyesha njia fupi. Ufuate ukiweza, ila usipigane na mtu kwa ajili yake.

Macho yasigande kwenye visigino vya wa mbele. Tazama mita 10 mbele kupitia mapengo ya mabega. Matuta, nguzo fupi za katikati ya barabara na visiwa vya wavuka kwa miguu hufichwa na watu hadi sekunde ya mwisho. Dalili yake ni umati kugawanyika ghafla pande mbili: ukiona hivyo, jua kuna kitu pale katikati.

Saa ya GPS na mwongoza kasi

Saa nyingi zitakuonyesha kilomita 21.3 au 21.4 mwishoni. Sehemu ya ziada hiyo ni kweli umeikimbia, sehemu nyingine ni makosa ya setilaiti, hasa kati ya majengo marefu na chini ya madaraja. Athari yake ni ileile: ukiifuata saa kwa 5:41 na ikakupa 21.35, utamaliza kwa 2:01:20. Ama uzime mpangilio wa saa kujihesabia kila kilomita yenyewe na ubonyeze kitufe mwenyewe kwenye kila kibao cha kilomita, ama ulenge 5:36 kwenye saa. Napendelea kubonyeza. Kibao kimoja kinaweza kuwa kimewekwa mita kadhaa kando ya mahali pake, kwa hiyo usiruke kwa furaha wala kwa hofu kwa sababu ya kilomita moja. Linganisha kila baada ya 5.

Mwongoza kasi, yule anayebeba bendera yenye muda, ana msaada mkubwa na kero moja: umati humganda. Nyuma yake ndipo penye kukanyagana viatu na ndipo pagumu zaidi kupata maji. Kaa mita 10 au 15 nyuma, au pembeni. Muhimu zaidi, jua alikanyaga mkeka lini. Kama yeye alivuka sekunde 50 kabla yako na anafuata muda wake wa chipu, basi ukimaliza sekunde 50 nyuma yake mmemaliza sawa. Watu huzimaliza nguvu kumkimbiza mtu ambaye hawakuwa nyuma yake. Muulize kabla ya kuanza: unafuata chipu au bastola?

Upepo ukipiga usoni, umati hugeuka neema. Jifiche nyuma ya mtu wa kasi yako, mita moja hivi, ukiwa umejisogeza kidogo upande mmoja ili uone barabara. Siku ya joto fanya kinyume: katikati ya kundi hewa haipiti, kwa hiyo hamia ukingoni.

Maji na jeli

Meza ya kwanza ya kituo cha maji hugombaniwa na kila mtu, ya mwisho huwa karibu tupu. Kikiwa na meza pande mbili, tazama upande ambao watu hawauendei. Sogea ukingoni mita 50 kabla, mnyooshee kidole mhudumu mmoja, tazamaneni, chukua kikombe kwa kukibana juu kiwe na mdomo mwembamba, kunywa mafunda mawili matatu, kisha tupa chini pembeni. Kupunguza mwendo kwa sekunde 3 ni nafuu kuliko kujimwagia na kupaliwa. Baada ya meza, lami inateleza na vikombe vimetapakaa, fupisha hatua. Mbinu ninayoipenda ni kubeba chupa ndogo ya nusu lita na kuruka kituo cha kwanza kabisa, kisha kuitupa kwenye pipa. Kituo hicho huja umati ukiwa bado haujalegea.

Kwa saa mbili, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinafaa, na jeli nyingi, vile vipakiti vya wanga mzito wa kumeza, zina gramu 20 hadi 25. Moja dakika 10 kabla ya kuanza, nyingine dakika ya 35, ya mwisho dakika ya 70. Ifungue ukikaribia kituo, imeze, kisha ushushie kwa maji. Kuichanganya na kinywaji cha sukari huleta tumbo zito. Usijaribu aina mpya siku hiyo.

Kuanzia kilomita ya 12

Barabara inafunguka, na hatari inabadilika sura. Bila kujua, unachukua kasi ya walio pembeni yako, na wengi wao wameanza kuchoka. Hapa kila kilomita itazamwe. Ikitoka 5:47, achana na kundi hilo, sogea hadi kwa watu wengine walio mbele kidogo, polepole, ndani ya mita 300. Pia utaanza kuwafikia walioanza awamu ya mbele ambao sasa wanatembea, mara nyingi watatu kwa safu. Sema "napita kushoto" mapema, wengine wamevaa spika za masikioni. Wewe mwenyewe ukihitaji kutembea, inua mkono na uhamie ukingoni kwanza.

Kutoka kibao cha 20 hadi mwisho ni mita 1,097, sawa na 6:14 kwa mwendo wako. Ukipita hapo kwa 1:53:45 uko sawasawa na lengo; 1:54:00 inakudai kasi ya 5:28, inawezekana; 1:54:30 inakudai 5:00, na hiyo huiweza wachache. Chagua ukingo wako mita 400 kabla ya mwisho, maana kwenye mita 100 za mwisho watu hushikana mikono, hugeuka kutafuta kamera, na wengine husimama juu ya mkeka wenyewe. Kimbia hadi mita 5 baada ya mkeka wa mwisho, ndipo ubonyeze saa.

Matokeo yakitoka, angalia muda wa kila kilomita 5. Tano za kwanza zikiwa za taratibu na zilizobaki zikalingana, umelipa deni vizuri, na muda ukikosekana tatizo ni mazoezi. Ikiwa tano za pili ndizo za kasi zaidi na tano za nne zimeporomoka kwa dakika moja au zaidi, mwili ulikuwepo, ila ulitumika kupenya watu kati ya kilomita ya 2 na ya 8.