Maswali na majibu: Kutafuta dhahabu California bila kurudi na mwasho wa mwaloni-sumu

Tarehe 24 Januari 1848 James Marshall aliokota vipande vya dhahabu pale Coloma, kando ya Mto American, na tangu hapo watu hawajaacha kushuka kwenye mito ya vilima vya Sierra Nevada na karai la kuoshea mchanga mkononi. Siku hizi wengi huenda wikiendi, kwa kujifurahisha zaidi kuliko kutafuta riziki. Shida ni kwamba vilima hivyohivyo vimejaa kichaka ambacho kwenye vibao vya njiani utakikuta kimeandikwa poison oak. Hapa tutakiita mwaloni-sumu. Si rahisi kikuue, ila kinaweza kukukosesha usingizi wiki mbili mfululizo. Maswali yafuatayo huulizwa na wachimbaji wa wikiendi, na mengi huulizwa siku ya Jumatatu, mambo yakiwa yameshaharibika.

Nitautambuaje?

Tazama majani. Kila jani limegawanyika vijani vitatu, na cha katikati kina kikonyo kirefu kuliko wenzake wawili. Kingo zake zina mawimbi kama za jani la mwaloni, lakini mwaloni si ndugu yake. Ukoo wake ni ule wa mkorosho na mwembe, na wataalamu wa mimea wanauita Toxicodendron diversilobum. Machipukizi huanza na wekundu wa shaba na kung'aa, kiangazi huwa ya kijani, kisha kuelekea vuli yanageuka mekundu ya kupendeza kiasi kwamba wapo wanaoyachuma kupambia nyumba. Usiwe mmoja wao.

Umbo nalo hubadilika. Penye jua ni kichaka cha kufika kiunoni au kifuani. Penye kivuli unakuwa mtambaazi unaopanda juu ya miti mingine. Hupenda miinuko ya chini, hadi kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukanda maarufu wa dhahabu, kuanzia miji ya Nevada City na Auburn kushuka hadi Mariposa, wote uko ndani ya kiwango hicho. Kwa hiyo usitegemee kuukwepa kwa kuchagua mto mwingine.

Wakati wa hatari zaidi kwa mchimbaji ni baridi inapoisha. Mvua zimejaza mito, maji yamesogeza mchanga na kuacha dhahabu mpya kwenye nyufa za mwamba, na kila mtu ana haraka ya kufika. Mwaloni-sumu wakati huo hauna hata jani. Ni vijiti vya kijivu, na mtu anavishika kama kamba ili asiteleze kwenye mteremko. Vijiti hivyo vina sumu ileile.

Nimezoea upupu kwetu. Mbona huu niliugusa nisihisi chochote?

Kwa sababu unafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Upupu una vinyweleo vinavyochoma ngozi, na utajua papo hapo. Mwaloni-sumu una mafuta yanayoitwa urushioli, yamo kwenye utomvu wa majani, shina na mizizi. Yakikugusa hayaumi wala hayanuki, na ukiyatazama kwenye ngozi huyaoni. Yanapenya taratibu na kushikamana na protini za ngozi yako, kisha chembe za kinga ya mwili zinaziona protini hizo kama adui na kuzishambulia. Vipele na malengelenge unayoyaona ni kazi ya kinga yako mwenyewe. Huu ni mzio, tena wa aina inayochelewa.

Kwa mtu ambaye mwili wake umeshaufahamu mmea huu, mwasho huanza kati ya saa 12 na siku tatu baada ya kugusa. Kwa mgeni unaweza kuchukua wiki moja hadi tatu, au usitokee kabisa mara hiyo ya kwanza. Ndiyo maana watu hulaumu sabuni mpya au chakula cha jana.

Na wale wanaojisifu kwamba wao hauwadhuru? Wapo kweli wasiodhurika, lakini inakadiriwa asilimia 85 ya watu hupata mzio wakiguswa na mafuta ya kutosha. Aliyepita salama mwaka jana anaweza kuvimba mwaka huu. Kujisugua jani kwa makusudi ili kujipima ni ujinga, kwa sababu kujipima huko ndiko kunakoweza kuifundisha kinga yako kuanza vita.

Nilikuwa mwangalifu, sikugusa jani hata moja. Vipele vimetoka wapi?

Katika visa vingi vya wachimbaji, vimetoka kwenye vifaa. Hili ndilo ningependa msomaji alishike kuliko yote, maana watu hukazana kuogopa jani huku beleshi wakilikumbatia.

Tangu 2009 California imezuia mashine za kunyonya mchanga mtoni, kwa hiyo kazi ya mtu wa kawaida ni ya mikono: beleshi, sululu ndogo, mtaimbo, karai, na chuma kilichopindwa cha kukwangulia nyufa. Unachimba ukingoni, beleshi linakata mizizi. Mizizi ya nani? Huwezi kujua, imefunikwa na udongo, lakini kama juu ya ukingo kuna mwaloni-sumu, huenda ni yake. Utomvu unabaki kwenye bamba la beleshi. Unalifuta kwa glavu ya ngozi, na ngozi inanyonya mafuta hayo na kuyatunza. Unavua glavu kwa meno. Unafunga kamba za buti zilizopita kwenye vichaka asubuhi. Unashika usukani, na jioni mwenzako aliyebaki nyumbani anaendesha gari hilohilo kwenda dukani. Siku ya tatu yeye ndiye anayejikuna.

Mafuta haya yakikauka juu ya chuma, mpini au kitambaa hayaozi haraka. Yanaweza kubaki na nguvu kwa miezi, hata miaka. Beleshi lililokaa stoo tangu msimu uliopita si salama kwa sababu tu limekaa.

Mbwa ni mkosaji mwingine. Yeye mwenyewe manyoya humkinga, hivyo anapita kichakani bila wasiwasi kisha anakuja kujilaza mapajani pako.

Wazee wa kazi wananiambia nichome kuvumwani za mtoni ili nipate vumbi la dhahabu. Ni salama?

Njia hiyo ipo na ina mantiki. Kuvumwani, vile vimea laini vinavyofunika mawe ya mtoni kama zulia, hunasa vumbi laini la dhahabu mafuriko yanapopita, basi watu huzibandua, wakazikausha, wakazichoma na kuosha majivu kwenye karai. Lakini ndani ya kuvumwani hunasa pia vijiti, mizizi na majani makavu. Kikiwemo kipande cha mwaloni-sumu, moto hauiondoi sumu, unaipandisha hewani pamoja na moshi. Ukiuvuta, uvimbe uleule unaoujua kwenye ngozi unatokea kooni na kwenye mapafu. Hilo si jambo la kupaka krimu, ni la hospitali, na linaweza kuua.

Zichambulie kwenye ndoo ya maji badala ya moto. Zichane kwa mikono yenye glavu, zikamue, uache mchanga utulie chini, ndipo uoshe kwenye karai. Inachukua muda zaidi, na dhahabu haipotei. Kwa sababu hiyohiyo, usiwashe moto wa kambi kwa vijiti usivyovijua.

Nimegundua nimegusa. Nina muda gani?

Mdogo. Hesabu dakika 10 za kwanza kama dhahabu yenyewe. Kila dakika inayopita mafuta yanazidi kushikamana, na baada ya saa moja sehemu kubwa imeshaingia. Hata hivyo nawa ukichelewa, kwa sababu utaondoa yaliyobaki juu ya ngozi yasisambae kwingine.

Namna ya kunawa ndipo wengi wanapokosea. Chukulia umepakwa grisi ya gari, tofauti ni kwamba hii haionekani. Ukipitisha sabuni mara moja na kusuuza, grisi ingebaki. Basi na haya yanabaki. Tumia sabuni ya kuoshea vyombo, ambayo inakata mafuta, na maji ya baridi au ya kawaida kwa wingi. Sugua kwa kitambaa, si kwa nguvu ya kuchubua, suuza, kisha rudia mara mbili tatu. Usisahau chini ya kucha na katikati ya vidole. Kitambaa hicho sasa kina mafuta, kiweke kando.

Uko mtoni na huna sabuni? Ingia kwenye maji yanayokwenda, papo hapo, ujisugue. Ni afadhali sana kuliko kungoja kufika nyumbani. Chupa ndogo ya sabuni ya vyombo haina uzito wa kukushinda kubeba, iweke ndani ya karai.

Kisha vifaa, kabla hujaoga mara ya mwisho. Vaa glavu za vinili za kutupa, osha mipini, mabamba na buti kwa sabuni na maji au ufute kwa spiriti, kamba za viatu nazo ziingie kwenye ndoo. Nguo zifuliwe peke yake kwa maji ya moto. Mbwa aogeshwe na mtu aliyevaa glavu ndefu. Anayeoga kwanza halafu akashika beleshi amejirudisha mwanzo.

Malengelenge yakipasuka, maji yake yataambukiza watoto?

Hapana. Maji hayo yametoka mwilini mwako na hayana urushioli. Ukishanawa vizuri unaweza kumbeba mtoto bila hofu.

Kinachowadanganya watu ni kwamba vipele hutokea kwa awamu: leo mkononi, keshokutwa tumboni. Sehemu zenye ngozi nyembamba, au zilizopata mafuta mengi, hutangulia, na zenye ngozi nene hufuata. Lakini kama wiki ya pili bado vinachipuka vipya, kachunguze vifaa. Kuna kitu hujakiosha.

Nitulize vipi mwasho?

Ugonjwa wenyewe huisha bila dawa, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi tatu. Kazi ya matibabu ni kukuwezesha kuzimaliza wiki hizo. Kitambaa kilichochovywa maji baridi, dakika 15 hivi mara kadhaa kwa siku, kinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Losheni ya kalamaini hukausha, na maji ya kuoga yaliyochanganywa na unga laini wa oti hutuliza. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 inayouzwa bila cheti cha daktari inafaa kwa vipele vichache. Malengelenge yakishatapakaa haina nguvu ya kutosha.

Vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi vitakusaidia kulala, lakini mwasho huu hautokani hasa na histamini, kemikali ya mwili ambayo vidonge hivyo huizuia, kwa hiyo usishangae ukiwashwa vilevile mchana. Wala usiendeshe gari ukiwa umevimeza.

Hali ikiwa mbaya daktari anaweza kukuandikia predinisoni, dawa ya kumeza inayotuliza kinga ya mwili, ya wiki mbili hadi tatu, dozi ikishuka kidogo kidogo. Imalize. Wanaokunywa siku tano wakaacha kwa kuwa wamepata nafuu, mara nyingi vipele huwarudia. Ukiwa na kisukari mwambie mapema, kwa sababu dawa hii hupandisha sukari.

Jiki, petroli na maji ya moto ya kuunguza viache kabisa. Ngozi iliyochubuka hukaribisha wadudu, na hapo utakuwa na magonjwa mawili.

Niende hospitali lini?

Ukishindwa kupumua au kumeza, au ukiwa umevuta moshi, piga 911, namba ya dharura ya Marekani, bila kujadiliana na mtu. Nenda siku hiyohiyo ikiwa uso umevimba, jicho linafumba, vipele vimefika sehemu za siri au vimefunika eneo kubwa la mwili. Homa, usaha na maumivu yanayozidi ni dalili kwamba bakteria wameingia.

Kuna kinga?

Chanjo hakuna. Kutafuna majani machanga ili kuuzoesha mwili ni hadithi ya zamani ambayo imewavimbisha watu midomo na koo. Vaa mikono mirefu, suruali iliyochomekwa ndani ya soksi, na glavu nene za vinili; zile nyembamba za mpira mafuta haya hupenya. Na kabla ya kuweka karai chini tazama juu ya ukingo, si kwenye maji peke yake. Mimi ningeacha ufa mzuri wa mwamba uliofunikwa na kichaka hicho, hata kama jirani yangu kapata punje humo jana.

Mimi nimekulia Mtwara, tumebangua korosho miaka mingi. Je, hilo lina uhusiano?

Lina uhusiano, na si wa mbali. Mafuta ya ganda la korosho yana kemikali za jamii moja na urushioli. Mbanguaji anajua yanavyombandua ngozi ya vidole. Sehemu ya madhara hayo ni kuungua moja kwa moja, sehemu nyingine ni mzio uleule. Kwa hiyo mtu aliyewahi kupata vipele vya ganda la korosho, au vya utomvu wa embe kuzunguka mdomo, asijihesabu mgeni kwenye vilima vya California. Huenda kinga yake imeshafundishwa, na vipele vikamtokea baada ya siku moja au mbili badala ya wiki.

Kinyume chake pia hutokea. Aliyeanza kudhurika na mwaloni-sumu anaweza kushangaa midomo inavimba baada ya kumenya embe kwa meno. Nyama ya embe kwa kawaida haina neno. Ganda na utomvu wa kwenye kikonyo ndivyo vyenye shida. Amenyewe na mtu mwingine, aoshewe, ale. Korosho iliyokwisha kubanguliwa na kukaangwa aile tu, ila asibangue mbichi kwa mikono mitupu.